Wimbo wa Kuimbwa Mara Moja

Kwetu, mtu anapokufa, shangazi humtungia wimbo. Anauimba mara moja tu, kwenye matanga, akitaja mambo yote ya marehemu pamoja na aibu zake ndogondogo, kisha haurudii. Kuurudia, anasema, ni kumwamsha mtu ambaye ndiyo kwanza amepata usingizi.

Mimi, mtu wa shahada mbili, niliurekodi wimbo wa baba kwa simu. Nikautuma kwenye grupu ya familia ili ndugu walioko Ulaya nao walie. Walilia. Kisha mmoja wao akautia ngoma za kompyuta, akauachia mtandaoni, na haukupita muda nikausikia ukipigwa kwenye arusi pale Sange. Bibi arusi alikuwa anacheza kifo cha baba yangu, na alikuwa anakicheza vizuri. Nilikasirika. Halafu nikafungua simu kuangalia ni watu wangapi wameusikiliza. Nikaangalia tena kabla keki haijakatwa.

Mwaka huu akafariki mama. Shangazi alishuka kutoka Bwegera, akaketi mkekani, hakuimba. Siku ya pili pia hakuimba. Yeye na mama walikuwa mawifi wa miaka arobaini, na ugomvi wa miaka arobaini. Hakuna aliyemjua mama kumzidi. Asipoimba yeye, mama ataondoka bila wimbo. Nilizunguka uani, nikakaa, nikainuka, hatimaye nikamwendea.

"Shangazi, utamwimbia?"

"Weye professeri, si wimbo iko mu telefone yako? Fungula."

Alasiri ile binamu yangu, kwa nia njema kabisa, akaufungua kweli wimbo wa baba, kwenye bafle ya kukodi, spika yenye ukubwa wa kabati. Watu wakaitikia, wote waliujua. Mama yangu akaanza kuliliwa kama mwanamume mwenye ndevu aliyevuka mto Ruzizi na kinga, yaani baiskeli, kichwani.

Shangazi akainuka, akachomoa waya.

"Huyu mwanamuke hakupanda kinga hata siku moja! Alikuwa anaogopa hata ile yenye imesimama!"

Watu wakacheka huku wakipangusa machozi. Akaagiza beseni la kunawia, simu zote zitiwe humo. Mimi ninazo mbili. Nikatoa moja.

Akaimba. Alianza na ndagala, dagaa wa kwetu, ambazo mama alizitia chumvi mara mbili kila alipojua wifi yake anakuja kula. Baada ya hapo sijui. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, kidole kikitafuta kitufe: nibonyeze, nisibonyeze, nani ataona, ndugu wa Ulaya watasemaje? Nilipoutoa mkono mtupu, shangazi alikuwa anapenga kamasi na wimbo umekwisha.

Sikurekodi. Najivunia hilo kwa dakika kama tano kila siku. Halafu najaribu kuukumbuka wimbo wa mama, nafika kwenye ndagala, nakwama. Kwenye grupu wanaandika: tuma basi. Juzi nikaenda Bwegera kuomba walau mstari mmoja zaidi.

"Siku ile ulikuwa wapi?" akauliza shangazi.

"Mbele yako kabisa."

"Mbele yangu kulikuwa koti, na mukono mu mufuko." Akanisogezea sahani ya wali. "Kula."

Nikala. Simu ikatetemeka mfukoni mara mbili, na sote wawili tukaisikia.