Utumbo Usiooshwa

Mama hakuwahi kuelewa zuolojia ni kitu gani, na mimi, kwa kiburi cha mwaka wa tatu, sikuwahi kumweleza vizuri. Wateja wa kibanda chake cha supu pale stendi ya Singida wakimuuliza mwanawe anasomea nini chuo kikuu, alijibu, "Wanyama," kwa sauti ambayo ungedhani nafuga simba bwenini. Basi fikiria aibu yake niliporudi likizo na kumwambia kwamba utafiti wangu wa kumalizia shahada unahusu minyoo ya kuku wa kienyeji, na kwamba ninachohitaji kutoka kwake ni utumbo.

"Utumbo wa kuku?"

"Ndiyo, mama. Wa kila kuku wa kibandani. Uufunge kwenye mfuko, uandike kuku ametoka kijiji gani."

Alinitazama, akanung'unika kitu kwa Kinyaturu ambacho sitakitafsiri, kisha akakubali.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kupasua utumbo, kuhesabu minyoo, kuandika. Bila hesabu hizo hakuna ripoti, na bila ripoti wenzangu wangevaa joho na mimi ningerudia mwaka. Nilitandika meza nyuma ya nyumba, nikaweka trei ya plastiki, wembe na lenzi ya mkono. Siku ya kwanza sikuona mnyoo hata mmoja. Siku ya pili vilevile. Wiki mbili zikapita, daftari limejaa sifuri.

Niliona kwamba utumbo ni mtupu, lakini hilo halikunishtua. Kuku huletwa kwenye matenga kutoka vijijini, wanashinda njaa njiani. Kuuliza si ujinga, wanasema, ila mimi sikuuliza. Nilianza kuota. Labda kuku wetu wanadonoa mti fulani mchungu huko porini. Labda ni udongo wa kwetu. Nilikwisha kuandika hata aya ya kwanza ya ugunduzi huo, nikampigia simu mwalimu aliyenisimamia.

"Kuku wa kienyeji asiye na minyoo bado hajaanguliwa," akasema. "Nenda ukaangalie huo utumbo unapita wapi kabla haujakufikia."

Nilikasirika. Kesho yake asubuhi nikaenda kibandani nimenuna, nia yangu nikamthibitishie mwalimu kwamba amekosea. Nikamkuta mama nyuma ya kibanda, amechutama mbele ya beseni. Mkono mmoja umeshika utumbo, mwingine unamimina maji ya uvuguvugu yenye chumvi kutoka kwenye birika. Maji yanaingia upande huu, yanatokea upande ule, na vidole vyake vinakamua taratibu. Yalipotoka meupe, akaufunga utumbo kwenye mfuko na kuandika: Ikungi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Si naosha?" Alinishangaa kweli. "Ulitaka nikupe na mavi yake? Mtoto niliyemsomesha mpaka chuo kikuu, ashike mavi ya kuku majirani wanaona?"

Nilimpigia kelele. Nilimwambia ameniharibia maisha, na mengine ambayo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akauliza jambo moja tu: "Umebakiwa na siku ngapi?"

Nilimwambia tano, na kwamba kuku wa kibanda kimoja hawatatosha.

"Keshokutwa Idi," akasema.

Mtaani kwetu Idi ni ya wote, na siku hiyo ni nyumba chache zisizochinja kuku. Mama, aliyeosha utumbo wiki mbili nzima ili nisionekane na uchafu, alijifunga kanga kiunoni, akabeba ndoo na kupita mlango kwa mlango. Mimi nilimfuata na kalamu na mifuko.

"Idi njema, jirani," alisema kila mlango. "Mwanangu huyu anasomea minyoo. Naomba utumbo wa kuku wenu, na tafadhali msiuoshe. Halafu mniambie mlimnunua wapi."

Alisema minyoo, wala hakushusha sauti. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi mmoja, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniuliza kama serikali inajua kwamba ndicho ninachokwenda kusoma. Lakini walitoa, na pilau wakatuwekea. Kufika mchana ndoo ilikuwa imejaa, inanuka, na mimi nilikuwa siamini.

Nilipopasua utumbo wa kwanza, mnyoo mweupe, mrefu kama kidole changu, alijinyonganyonga kwenye trei. Nikalia. Nilicheka na kulia pamoja, mzigo wa siku zile zote ukanishuka mabegani, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kufurahia mnyoo namna ile.

Mama akamwinamia mnyoo, akamtazama kwa makini. "Kumbe ndio hawa niliokuwa nakuondolea," akasema. Akavuta kigoda, akachukua wembe wa pili. Hakuhitaji kuelekezwa, alipasua matumbo matatu mimi nikihangaika na moja. Alihesabu kwa sauti, mimi nikaandika.

Nikaacha kuandika.

"Mama," nikasema, "nisamehe kwa yale maneno ya juzi."

"Kumi na moja," akajibu bila kuinua macho. "Andika, usije ukasahau."