Ubao Uliomhukumu Yaya

Mshale wa mashine ulisimama, na komanda akauliza mara moja tu: "Hapo ni kwao, kwa waasi?"

Shefu wa atelie yetu, karakana ya redio, akasoma namba, akatazama karatasi ya ukutani, akajibu: "Ni kwao, komanda."

Yaya wangu, kaka mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama yetu, alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Akanitazama. Askari wawili wakamshika, wakampandisha kwenye kamioneti, ikashika barabara ya Kamanyola. Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua ya siku tatu, na ziwa lilitulia hata ungesikia mtu akikohoa ndani ya pirogi. Mpaka leo sijaonyeshwa kaburi.

Naandika kwa sababu hapa Nyamianda, mtaa wetu wa Uvira, bado wanasema yaya alikuwa mpelelezi wa waasi, na neno hilo linawala watoto wake.

Miye nilisoma miaka minne tu. Kazi nilifundishwa na mzee mwenye atelie. Tulitengeneza foni, zile redio za kusema mbali zilizokuwa misheni na kwenye dispansere, zahanati za milimani. Ndani ya foni mna kondansateri, kidude kidogo kama punje ya maharagwe, na ndicho kinachoamua foni inasema kwenye njia gani hewani. Kukipima, unakibana kwenye ubao mdogo wenye vibano viwili na waya za kwenda kwenye mashine. Mshale unatoa namba, na karatasi ya ukutani inakuambia namba hiyo ni njia ya nani.

Lakini ubao ule ulitutia baridi. Hata ukiwa mtupu, mshale haukulala kwenye sifuri. Ulisimama juu kidogo, kama kuna kitu kimebanwa pale ambacho macho hayakioni. Ukisogeza mkono, ulipanda. Mtu akipita nyuma yako, ulitikisika. Mama mmoja aliyeleta redio yake alikimbia akiiacha, akapiga kelele barabarani: "Hawa wanapima mizimu!"

Mzee alicheka. "Hakuna mizimu. Waya na vibano navyo vinapimwa. Mashine haijui kutenga."

Kwa hiyo alikuwa na desturi. Kila asubuhi sisi wote turudi hatua mbili, mikono mgongoni, yeye asome ubao mtupu na kuandika namba kwa chaki mlangoni. Namba hiyo tuliitoa kwenye kila kipimo cha siku. Wakati wa mvua ilikua, kwa sababu ubao ulikunywa unyevu.

Uasi ulipofika, mzee alivuka kwenda Bujumbura, akafia huko. Shefu, mwenye diplome, akakalia kiti chake. Siku ya kwanza alifuta chaki mlangoni kwa kitambaa. "Hapa si kanisa," alisema.

Kisha ikaja amri ya komanda: foni zote zipimwe, kwa maana kuna mtu anasema na waasi. Yaya alikuwa mtunza foni ya dispansere moja kwenye barabara ya Lemera. Kazi yake kuita dawa na seramu. Aliileta mwenyewe, anatania: "Mudogo wangu, mupime vizuri. Iko mgonjwa kupita wagonjwa wangu."

Shefu akabana kondansateri moja kwa moja.

"Shefu," nikasema, "tutoe kwanza cha ubao. Mvua imenyesha."

"Weye ulisoma wapi?"

"Sikusoma, shefu. Lakini ubao..."

"Nyamaza, ama nawe utabanwa hapa tukupime."

Askari wakacheka. Nikanyamaza. Hilo ni langu, silikani.

Walipoondoka wote na yaya, shefu akiwa na komanda, niliachwa na kile kidude juu ya meza. Nikapima ubao mtupu, nikatoa namba yake kwenye ile ya shefu. Karatasi ikaonyesha njia ya dispansere, ile ile ya miaka yote. Nikarudia. Mara ya tatu ubao ulikuwa mtupu, nami nimerudi hatua mbili, mikono mgongoni, peke yangu chumbani. Mshale ukapanda. Ulipanda polepole, kama mtu anainama karibu aone vizuri. Ukakaa hapo. Ukashuka. Sisemi ni yaya. Labda ni unyevu. Ila tangu siku ile sijabana kitu tena.

Nilikimbia na namba zangu mpaka kwa komanda. Getini askari akaniambia kamioneti imesharudi. Niliiona: nyuma hakuna mtu.

Komanda alihamishwa, sijui aliko. Shefu yuko hapa hapa Uvira, ana mvi, anafundisha vijana kupima. Nilimkuta sokoni, akanishika bega: "Ndugu, yale yalikuwa mambo ya vita."

Hapana, shefu. Vita haikusoma ule mshale. Uliusoma weye, na nilikuambia kabla hujafungua mdomo.

Basi nakudai mbele ya wote wanaosoma hapa. Njoo kwa mjane wa yaya mchana, watoto wakiwepo. Sema kwamba foni ile haikuwahi kuwa kwenye njia ya waasi. Na kwa kuwa uliondoka na komanda siku ile, ukala naye, sema kamioneti ilisimama wapi, tujue kaburi. Jibu ungali hai.