Nafasi ya Kumi na Tatu

Kila Jumamosi asubuhi kocha mstaafu hukaa meza ya dirishani katika mgahawa wa Lorna, hapa Idaho. Vidole vyake viwili vilivunjika zamani uwanjani na havikunjiki, kwa hiyo kikombe cha kahawa hukishika kwa mikono yote miwili. Wateja wakimchokoza kuhusu mtoano wa mpira wa Kimarekani wa vyuo, ambao huingiza timu kumi na mbili bora za nchi, huwajibu kwa sauti ya chini, bila kugeuka: “Timu kumi na mbili zinatosha. Mkiingiza kila mtu, msimu mzima wa kutoana jasho utakuwa wa nini?” Aliyasema hayohayo majira ya machipuko, kwenye kikao cha wawakilishi wa vyuo, akikiwakilisha chuo alichokifundisha, alipoinua mkono kupinga timu ziongezwe hadi kumi na sita. Pendekezo lilianguka kwa kura moja.

Desemba, chuo chake mwenyewe kikashika nafasi ya kumi na tatu kwenye orodha ya mwisho, kikakosa mtoano kwa nafasi moja. Jumamosi iliyofuata nahodha wa timu, Kimball, aliyekuwa mwaka wa mwisho, aliingia mgahawani akiwa amefungwa bendeji gotini, akavuta kiti mbele ya kocha.

“Kocha, ni kweli ulipinga?”

“Ni kweli.”

“Na ungejua ni sisi?”

Kocha alifungua kinywa aanze maneno yake ya kila siku, akakifunga.

“Ningekubali,” alisema hatimaye. “Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu.”

Kimball alitikisa kichwa polepole. “Mimi nilikuwa nakuunga mkono, Kocha. Nilikuwa na hakika tutaingia.”

Akainuka kwa kuegemea meza, akatoka akichechemea. Kocha hakuinua macho mpaka mlango ulipofungwa.