Mbegu Juu ya Mafiga

Mwaka jana, asubuhi moja, nusura niitupe redio yangu kisimani. Nilikuwa nimekaa uani nachambua mchicha, na redioni kuna bwana mmoja msomi, sauti taratibu kama anabembeleza mtoto, anaeleza habari za zebaki. Anasema ukiipasha moto inapanda hewani, huioni wala husikii harufu yake. Upepo unaichukua, unaivusha bahari na bahari, na mwisho wake inatua. Inatua juu ya maji, juu ya majani ya miti, mpaka kwenye nchi za barafu ambako hakuna kiwanda wala bomba la moshi. Watu wa huko hawajawahi kuigusa, anasema, lakini wakila samaki wao nayo inawaingia mwilini. Mtangazaji akadakia, "Ajabu kweli!"

Ajabu ya nini? Nikamjibu kwa sauti, hata jirani akachungulia akidhani nagombana na mtu. Safari hiyo ya kupanda, kupeperuka na kutua mimi naijua tangu ujana wangu, na sikuisomea popote. Niliiona jikoni kwa mama yangu, na kila nilipoisema nilichekwa.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumetolewa kwenye mashamba yetu ya zamani, tukaletwa kijiji kipya upande huu wa Kilangala, nyumba zimepangwa mistari kama askari wa gwaride. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama, tunaishi wawili. Mama alikuwa msukaji wa mikeka. Alisuka ukili akiwa amekaa, akiwa anatembea, akiwa anamsuta mtu, na vidole vyake havikuhitaji macho. Na ulimi! Mwanamke yule ukipita mlangoni kwake bila salamu, utajijua ulivyo mpaka jioni.

Jambo la pili lililompa sifa ni kutunza mbegu. Kwetu mbegu haikai ghalani. Inakaa jikoni, juu ya mafiga. Unatandika fito juu ya moto, chini kidogo ya makuti, ndiyo dari hiyo. Unapanga mbegu zako huko, na moshi wa kila siku unazifukiza, fukusi mtoboa punje hasogei. Dari ya mama ilikuwa pana kuliko zote kijijini, nyeusi tii kwa masizi. Mama mwenyewe alizoea kulala jikoni humo kwa sababu ya joto, nami nikilala nyumba kubwa.

Sasa, kijiji kikaahidiwa mbegu bora ya mahindi kwa ajili ya shamba la pamoja. Tukasubiri. Mvua ikaanza, tukaambiwa tuendelee kusubiri. Lori lilipokuja, mahindi ya watu yameshafika magotini! Magunia yakashushwa, ndani punje zimepakwa unga mwekundumwekundu. Bwana shamba wetu, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi ikasimama, akatangaza mkutanoni: "Mbegu hizi zimetiwa dawa, na dawa yenyewe ni sumu. Asile mtu, asile kuku. Mtazitunza mpaka mvua ijayo."

Azitunze nani? Mkutano mzima ukamgeukia mama. Akasimama, akajifunga khanga kiunoni, akasema atazitunza kama alivyotulea sisi. Siku ileile magunia yakapandishwa darini. Bwana shamba akaja kukagua, akainua macho, akaridhika. "Hapo sawa kabisa, mama. Kuku hawafiki."

Mama naye alikuwa mtu wa kwenda na neno lake. Hakula hata punje. Aliyapanga magunia kwa kitambaa mkononi, akanawa kwa majivu mpaka viwiko, akanikataza hata kuligusa kapu lililokaa karibu. Kila asubuhi akawasha moto wake chini ya mbegu za kijiji, na kila usiku akalala hapohapo, akilinda.

Msimu wa korosho haujafika, nikaanza kuona mambo. Mama analalamika mdomo una ladha mbaya, kama ananyonya senti. Fizi zikamvimba. Kisha ule ulimi ukanyamaza. Mama yangu, aliyekuwa akibishana na kila mpita njia, sasa akisikia hodi anajificha nyuma ya mlango! Nikimuuliza ana nini, analia, na akimaliza kulia ananifokea. Siku moja nikamkuta na ukili mapajani, vidole vinatetemeka, miyaa ya kusukia inamponyoka, anaiokota, inamponyoka tena. Aliponiona akaufunika ukili kwa upande wa khanga.

Majirani wakasema uzee. Wengine wakasema amerogwa kwa sababu ya cheo chake cha mbegu. Cheo gani? Nikampeleka zahanati, tukatembea kutwa. Mganga hakuwa mtu mbaya. Akamtazama mikono, akamtazama fizi, akauliza kama nyumbani kuna dawa yoyote ya shamba. Nikafurahi, nikasema ndiyo, iko dawa ya mbegu.

"Mmekula mbegu?"

"Hatujala."

"Mmezitwanga kinuni? Mmepikia chombo kilichozibeba?"

"Hatujagusa."

"Basi siyo hiyo." Akachukua kipimajoto mezani, akakiinua nikaona ule mstari unaong'aa ndani. "Dawa ile ina zebaki, ndugu ya hii unayoiona. Lakini mpaka uile." Akampa mama vidonge vya kuongeza damu, tukarudi. Njia nzima mama ananiambia, "Si nilikwambia? Mimi sijala."

Halafu mdogo wake wa Mchinga akawa anaoza binti. Mama hakutaka kwenda, anaona haya watu wamwone anavyotetemeka. Nikamburuta. Nikamwacha huko, jikoni ni uani, kila kitu kinapikwa nje kwenye upepo. Nilipokwenda kumchukua baada ya mwezi mmoja na kitu nilimsikia kabla sijamwona, anamsuta mkwe mpya kwa kuchelewa kuamka. Jamani, nililia barabarani kwa furaha. Ukili mkononi, vidole vinatetemeka bado kidogo, lakini vinasuka. Alikuwa ameanza mkeka wa rangi, akaniambia huu ni wako, mtu hataolewa mara ya pili bila mkeka mpya. Nikamwambia nani kakwambia naolewa? Akasema, "Kwa sura hiyo ya kununa, kweli, nani atakuoa?"

Tukarudi nyumbani. Akawasha moto wake chini ya magunia, akalala pale. Mwezi haujaisha, ladha ya senti imerudi, hodi zinamtisha, na mkeka wangu wa rangi umesimama katikati.

Ndipo nikaelewa. Hakuhitaji kuila. Moto ulikuwa unaipandisha kutoka kwenye magunia, inazunguka chini ya makuti, na jiko likipoa inashuka juu ya aliyelala. Nikamwambia, "Mama, tuyashushe."

"Tuyaweke wapi?"

"Popote! Chooni!"

"Na fukusi wakiimaliza mbegu ya kijiji, atakayesimama mkutanoni ni nani? Wewe? Nimeambiwa nisile, sijala. Unataka nini kingine kwangu?"

Nikahamishia mapishi nje, nikidhani nimekuwa mjanja. Nikatoka kisimani nikakuta jikoni moshi umetanda, hakuna hata sufuria mafigani. "Huu moto wa nini?" "Wa mbegu," akasema. "Huo wako wa nje unamfukiza nani?" Siku nyingine nikayashusha magunia kwa mikono yangu, nikayasukuma kwenye kibanda cha kuku. Nilipotoka shamba nikakuta yako juu tena, ameita vijana wa jirani wampandishie. Nikapiga mlango teke, nikaumia kidole cha mguu, na yeye akanikanda huku mikono yake inatetemeka juu ya mguu wangu. Nilitamani kupiga yowe.

Nikamfuata bwana shamba. Nilimkuta kwenye baraza la ofisi ya kijiji na wenzake, nikamweleza yote, moto, dari, Mchinga, kurudi. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikadhani nimefika.

"Kwa hiyo dada," akasema, "sumu imetoka kwenye gunia yenyewe, ikaruka, ikamwingia mama. Ina mabawa?"

Baraza zima likaangua kicheko. Wallahi nilijikaza, maana jiwe lilikuwa karibu. Nikamwambia njoo ulale wewe pale juma moja, nami nitakuja kucheka. Akasema mali ya kijiji haihamishwi kwa maneno ya jikoni.

Ndiyo maana nusura redio iende kisimani. Maneno ya jikoni! Leo yanasemwa na msomi, mtangazaji anashangaa, na hakuna anayecheka.

Mama aliishi miaka mingi baada ya pale. Mbegu zilipoondoka nilibomoa dari, nikaezua makuti yale meusi. Watu wakaniambia nichome. Nikawaambia mnataka ipande tena? Nikayafukia mbali na kisima, peke yangu. Ulimi wake ulirudi nusu, akaweza kushika kikombe kwa mikono miwili. Ukili hakusuka tena. Mkeka wa rangi ninao mpaka leo, umeishia katikati, miyaa ya pembeni imening'inia, na sijamruhusu mtu aumalizie.

Lakini siku nisiyoisahau ni siku ya kuchukuliwa mbegu. Mvua ilikuwa imenukia. Wakaja na bwana shamba, wakashusha magunia, wakafungua moja baada ya jingine, wakachota punje viganjani wakizigeuza. Hakuna fukusi. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Mama wakamtoa ndani kwa kumshika mkono, amejiinamia, anaogopa ule umati aliozoea kuutawala. Bwana shamba akasema kijiji kizima kijifunze kwa mama huyu, akamkabidhi zawadi, doti ya khanga mpya.

"Jifunge tukuone, mama!" watu wakapaza sauti.

Mama akatabasamu. Akaizungusha khanga kiunoni, akashika pembe mbili, na vidole vikakataa. Pembe zikamponyoka, khanga ikaanguka kwenye vumbi. Akainama, akaiokota, ikamponyoka tena. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Bwana shamba akatazama mikono ile, kisha akainua macho, kupitia mlango wa jikoni, kwenye dari tupu, akakaa akiitazama.

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya mama, nikamfunga khanga kiunoni.

"Kaza," akaninong'oneza. "Na usiwagombeze. Waambie sikula hata moja."