Eufrasia wa Nkololo na ofa ya pikapu mpya

Saa kumi na moja alfajiri, Nkololo. Eufrasia Ngassa anapanga dumu la mwisho la maziwa nyuma ya pikapu nyeupe, anaingia, anazungusha ufunguo. Gari linawaka. Anacheka peke yake.

"Bado sijazoea," anasema. "Mkono unawasha, moyo unasubiri watu wa kusukuma."

Eufrasia (44) hukusanya maziwa ya wafugaji na kuyauza kwenye migahawa ya Bariadi mjini. Kwa miaka kumi na moja aliyabeba kwa gari kuukuu ambalo mumewe, Januarius, alilinunua kwa fedha za pamba. Aliyejifunza kuliendesha ni mke.

"Likizima njiani, jua likipanda, maziwa yanaganda. Wiki mbaya nilikuwa napoteza hata elfu themanini."

Juni mwaka huu, muuzaji mmoja wa magari mjini alitangaza ofa: leta gari lako la zamani, upunguziwe milioni nne kwenye bei ya jipya, kinachobaki ulipe kidogo kidogo. Sharti ni moja tu, gari lifike kwa injini yake. Watu walishaanza kuleta mabodi matupu kwa mikokoteni.

Januarius aligoma. "Gari hili ndilo lililokupeleka hospitali ukamzaa Winnie. Leo tulitupe kama chuma chakavu?"

"Baba Winnie, siku ile lilizima mara mbili," Eufrasia akamjibu. "Nililisukuma na uchungu wangu."

 Siku ya mwisho ya ofa Januarius alipanda naye, amenuna njia nzima. Walipokaribia kwa muuzaji, gari likazima. Mzee Mhoja, mfugaji aliyekuwa akipita na mkokoteni, akafunga kamba, ng'ombe wake wakalivuta hadi getini.

Mlinzi akanyanyua mkono. "Mayu, mama yangu, ng'ombe siyo injini."

Watu wakaangua kicheko. Eufrasia machozi yalimlengalenga. Ndipo Januarius akashuka, akavua koti, akawaita bodaboda waliokuwa wakitazama.

"Vijana, njooni! Mke wangu harudi na hili nyumbani."

Wakalirudisha nyuma, wakalisukuma wakikimbia. Eufrasia akatia gia ya pili, akaachia klachi. Gari likakohoa, likatema moshi mweusi, likapita getini linaunguruma. Katikati ya uwanja likazima lenyewe kabla hajagusa ufunguo.

Januarius akafika anahema, akaweka kiganja kwenye boneti. "Wabeja," akaliambia. Asante.

Sasa Eufrasia anakwenda mjini mara mbili kwa siku, na anapanga kufika Migato, ambako akina mama humwaga maziwa ya jioni kwa kukosa mnunuzi.

"Nikimaliza deni nanunua la pili. Hilo ataendesha yeye," anasema, akimwonyesha mumewe ambaye sasa amepanda na kukaa pembeni yake.

"Nimeshaanza kujifunza," Januarius anasema, akifunga mkanda.

"Jana kaingia kwenye viazi vya jirani." Eufrasia anatia gia. "Lakini atajua tu. Mimi nilianza kwa kuangusha zizi."