Bei ya Msalaba

Kambale yule hakuwa na ndevu. Naanzia hapo kwa sababu hadi leo ndicho kitu kinachonikera kuliko vyote. Mtu akimchora kambale bila ndevu, tena Ifakara, mbele ya watu wanaomvua, wanaomuuza na wanaomla mchana na jioni, anatakiwa achekwe mpaka ahame mji. Badala yake watu walisimamisha baiskeli kando ya barabara, wakamtazama samaki yule aliyewekewa kope ndefu kama bibi harusi, wakaambiana, "Huyu jamaa ni fundi."

Huyo jamaa alikuwa mgeni. Alitokea Kanda ya Ziwa, akafanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, na mkataba wake ulipokwisha akashuka Ifakara na makopo yake ya rangi yamefungwa nyuma ya baiskeli. Mimi nilizaliwa pale pale. Nilijifunza kuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko la mama, nikachapwa kwa ajili hiyo, nikaendelea. Kabla ya yeye kuja, kila kibao kilichoandikwa vizuri mjini kilitoka mkononi mwangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa. Kila mwenye chumba kinachotazama barabara alitaka kiwe duka, na kila mwenye duka alitaka jina lake lisomeke kutoka mbali. Ungedhani ilikuwa neema kwa mtu kama mimi. Neema ilikuwepo kweli, ila haikufika nyumbani kwangu.

Tatizo ni kwamba nilijulikana. Mwenye duka alikuwa ama mjomba, ama mtu niliyesoma naye, ama jirani aliyenibeba nikiwa mchanga na hakuacha kunikumbusha. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo atakulipa nini, umemtukana. Kwa hiyo nilisema, "Tutaelewana." Naye alijibu, "Tutaelewana, mwanangu." Na kuelewana kwenyewe kulikuja kwa umbo la bakuli la mchele, au sukari kwenye karatasi, au salamu nzuri kila nilipopita. Rangi nilinunua kwa fedha taslimu. Nikaanza kuizimua kwa mafuta ya taa ili ifike mbali, na mke wangu akaanza kulala mapema kwa kuwa taa haikuwa na kitu.

Halafu kulikuwa na misalaba. Mtu akifa, msalaba wa mbao ulichongwa siku ile ile, ukapakwa rangi nyeupe, ukaletwa kwangu niandike jina, siku ya kuzaliwa na siku ya kufa. Hiyo kazi haikuwa na bei hata ya kuelewana. Ni kazi ya msiba. Kama vile wachimba kaburi hawalipwi na wanaopika hawalipwi, mwandishi wa msalaba naye halipwi. Anapewa chakula tu, lakini anapewa kwa heshima: anakaa na wazee wa ukoo, na kwenye sahani yake anawekewa kichwa cha kambale. Mtaani kwetu kichwa hakipewi mtu hivi hivi. Nimekula vichwa vingi vya kambale. Herufi zangu zilikuwa nyembamba, zimenyooka, na wafiwa walizipapasa kwa kidole kabla hazijakauka, nikalazimika kurudia.

Mke wangu alikuwa mtu wa Lupiro, ng'ambo ya mto. Kaka zake walikuwa na mashamba ya mpunga na walishatukatia kipande. Alinivumilia muda mrefu, halafu siku moja akaniambia bila ugomvi, huku anachambua mchele, "Mvua za kupandia zikikukuta hivi hivi, tunavuka. Brashi utazichomeka darini kwa mama."

Mtu asiyejua atasema kulima ni kazi njema, na ni kweli. Lakini kuishi ukweni, kulima shamba la shemeji, kula kwa kuitwa na mama mkwe, mwanaume mzima! Niliapa kwamba nitapata kazi kubwa moja itakayotubakiza mjini, na nilijua ni ipi. Mama mmoja mwenye hoteli ya chakula karibu na stendi alikuwa amejenga ukuta mrefu unaotazama barabara ya kivukoni. Ukuta ulikuwa mweupe, laini, hauna hata ufa. Nilikuwa napita pale makusudi na kuutazama kama mtu anavyotazama nyama kwenye bucha. Nilishauchora wote kichwani: mto, mitumbwi, wanawake wanapura mpunga, na kambale mwenye ndevu zake zote.

Nikaenda. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya ukuta?"

"Ndiyo mama."

"Kiasi gani?"

Nikacheka, nikatazama chini, nikasema, "Aa, mama, sisi tutaelewana."

Akarudi kwenye sufuria zake. Kesho yake mgeni alikwenda. Niliyasikia baadaye kutoka kwa wasichana wa pale hotelini. Aliutazama ukuta, akataja bei kubwa ya kutisha, akataka nusu kabla hajachovya brashi. Yule mama akampa. Nilipomfuata kulalamika, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, mtu asiyejua bei ya kazi yake, mimi nitajuaje kama kazi anaiweza?"

Ndiyo akachora yule kambale wa kope. Na mwanamke anayepakua wali, mkono mmoja mrefu kuliko mguu, na meno mengi kuliko tuliyopewa na Mungu. Roho iliniuma mpaka nikaugua. Sikatai. Nilikuwa nalala namwona samaki yule ananikonyeza. Nilibadilisha njia ya kwenda sokoni ili nisipite pale, halafu nikairudia njia ile ile kwa sababu nilitaka kuona kama rangi imeanza kubanduka. Haikubanduka. Alikuwa anatumia rangi nzito, isiyo na tone la mafuta ya taa.

Nilijifariji na misalaba. Nikajisemea, huyu achore samaki wake, ila watu wakifiwa watakuja kwangu. Herufi zake zilikuwa nene, zimelala kama walevi. Kumbe hata hapo nilijidanganya. Mzee mmoja alifariki wakati mimi nimekwenda Lupiro kusalimia, na watoto wake wakapeleka msalaba kwa mgeni. Naye, kwa kuwa hakujua desturi, wala hakuwa na mtu wa kumwambia, akataja bei.

Niliporudi nikahadithiwa, na nikafurahi kweli. Nikasema sasa amekwisha. Kumtoza mfiwa! Nilikaa nikisubiri aibu yake izagae mjini. Haikuzagaa. Wale watoto walilipa, wakamshukuru, wakauchukua msalaba wao. Wiki zilizofuata wengine wakapeleka, wakalipa. Hakuna aliyenung'unika. Desturi iliyonibana mimi miaka yote, yeye aliipita kama mtu anayepita mlango ulio wazi.

Basi nami nikaamua. Alipofariki bibi mmoja jirani yetu, mama wa makamo ambaye alikuwa mkwewe akaja na msalaba kwapani. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na mke wangu alikuwa ameanza kufunga vyombo kwenye kanga. Nilimpa pole. Nikaupokea msalaba. Nikaukohoa ule uoga wangu, nikasema, "Mama, rangi siku hizi ni ghali. Itabidi mnisaidie kidogo." Nikataja bei. Ilikuwa ndogo kuliko ya mgeni.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinishangaa tu, kama nimesahau jina lake.

"Yule tunamlipa kwa sababu ni mgeni," akasema. "Akifa tutamsafirisha kwao. Wewe tutakuzika sisi, mwanangu. Tukulipe nini?"

Nikaandika. Niliandika vizuri kuliko siku zote, kwa hasira. Nilikula kichwa cha kambale nikiwa nimekaa na wazee, na kila tonge nililolimeza lilikuwa na wivu ndani yake. Sikumwonea tena wivu wa ukuta wala wa rangi nzito. Nilimwonea wivu kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja pale mjini aliyemjua mama yake.

Usiku ule ule nilimwambia mke wangu afungue vyombo, tutavifunga upya, kwa safari nyingine. Hatukuvuka mto. Tulipanda basi kwenda juu, tukapita Kisawasawa, tukapita Sanje, tukashukia kwenye mashamba ya miwa, mahali alikotoka yeye. Kule watu wametoka kila kona ya nchi na hakuna aliyekubeba ukiwa mchanga. Nilipanga chumba, nikaning'iniza kibao. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mkata miwa aliyefiwa na mwenzake wa chumba. Kwao marehemu kulikuwa mbali mno, wakaamua wamzike pale. Alisimama mlangoni na masizi ya miwa iliyochomwa mpaka kwenye kope.

"Bei gani, fundi?"

Nikataja. Akalipa pale pale, akangoja nje, akachukua msalaba, akaondoka. Hakunikaribisha msibani, wala hakukipapasa nilichoandika. Jioni ile tulikula wali na nyama, na mke wangu alijaza taa mafuta hadi juu. Tangu siku ile sikulala njaa kwa ajili ya brashi, na Lupiro tulikwenda kama wageni wenye zawadi.

Ningetaka kusema kwamba niliridhika. Mwaka uliofuata mke wangu alitoka kusalimia kwao, akapitia Ifakara, akarudi na habari wakati tunakula. Mgeni ameoa. Amemuoa binti wa yule mama wa hoteli, amejenga nyuma ya ule ukuta, na wazee wa mtaa wanamwita mwanetu.

"Na misalaba?" nikauliza.

"Anaandika bure. Atamtoza nani, na wote ni wakwe zake? Siku niliyopita kulikuwa na msiba, nilimwona amekaa na wazee, anakula."

Nilitakiwa kucheka. Rangi yake sasa itaanza kunuka mafuta ya taa, na kope za yule samaki zitabanduka moja moja. Nikaishika sahani yangu ya nyama niliyoilipia mwenyewe.

"Walimwekea nini?" nikauliza. "Kichwa au mkia?"

"Kichwa," akasema.

Sikumaliza chakula siku ile.