Dashcam yangu ilikuwa inazimika na redio, sasa ukweni Kigombe naonekana mwongo

Wakuu, salamu kwa mlioamka na mnaojiandaa kulala. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, si ya rafiki wa rafiki. Mkiona nimeongeza chumvi, mods wafute uzi.

Naandika nikiwa na hasira. Mnivumilie.

Naishi Makorora, Tanga mjini. Nina gari dogo la kukodisha, leo nampeleka mgeni kule Amani kuangalia msitu, kesho nambeba bibi harusi. Mwaka jana niliegesha sokoni, narudi nakuta ubavu mzima umekwaruzwa na hakuna aliyeona kitu. Soko zima limejaa watu, hakuna aliyeona!

Ndipo nikaagiza dashcam, kamera ya kwenye kioo cha mbele, ile inayorekodi hata gari likiwa limezimwa.

Ilikuja na nyaya zake za kufungia kwenye boksi la fyuzi. Mmoja unaingia kwenye moto, yaani umeme, wa muda wote, wa pili kwenye moto unaokuja ukiwasha swichi, wa tatu ethi, kwenye bodi ya gari. Mchoro upo ndani ya boksi la kamera. Hata asiyejua kusoma anaangalia picha.

Nikampelekea fundi umeme wa mtaani kwetu, tumwite Bakari. Nikamkabidhi kila kitu mkononi, na mchoro juu.

Akazigeuza zile nyaya, akazirudisha kwenye boksi la kamera.

"Yakhe, hizi zitakuunguzia gari. Niachie mimi."

Nikaenda kunywa kahawa. Niliporudi kamera inawaka, nyaya zimefichwa huoni hata moja. Kazi safi kwa macho. Nikazima gari, kamera ikazimika. Nikamuuliza mbona imezimika na mimi nataka irekodi gari likiwa limeegeshwa?

"Imelala hiyo. Ikiguswa itaamka."

Nikaridhika. Sisi tuna ugonjwa huu wakuu, fundi ukimuuliza mara mbili unaona kama umemvunjia heshima, hasa akiwa mtu wa mtaani kwenu mnayesalimiana naye kila siku.

Sasa sikieni.

Shangazi yake mke wangu alifariki Kigombe. Mke wangu alitangulia siku hiyo hiyo, mimi nikafuata kesho yake asubuhi, peke yangu garini. Redio inaimba njia nzima.

Nilipokaribia nikaona turubai, wanaume wamekaa kwenye mikeka hadi karibu na barabara. Kwetu huku ukifikia mji wa wafiwa unazima redio. Hupunguzi sauti, unazima. Nikabonyeza, ikazimika, nikapunguza mwendo nikitafuta pa kuegesha.

Kwa mbele ikaja bodaboda imembeba Bi Zuhura, mama wa pale pale kijijini anayeuza samaki. Jamaa wa boda akakwepa shimo upande wake, akaingia upande wangu mzima mzima. Nilishika breki. Akanigonga taa ya kulia, Bi Zuhura akaanguka na mguu ukavunjika.

Watu wa msibani wote wakaja, ila waligeuka baada ya kusikia kishindo, hakuna aliyeona tulivyogongana. Jamaa wa boda akawahi kupiga kelele kwamba nimemfuata upande wake.

Hapa ndipo napaswa kujipiga kofi. Mtu mmoja alisema tusisogeze gari mpaka askari wa usalama barabarani afike apime. Bi Zuhura analia pale chini. Mimi nikasimama mbele ya wakwe zangu wote nikasema kwa sauti, "Msihangaike na gari, kamera imeona kila kitu! Mpakieni nimuwahishe hospitali."

Wakampakia, nikamkimbiza. Kila alama iliyokuwa barabarani ikavurugwa na magurudumu yangu mwenyewe.

Niliporudi askari alikuwa amefika. Tukaweka memory card kwenye laptop ya shemeji, uani kwa baba mkwe, Mzee Mbwana. Watu wametuzunguka. Mimi kifua mbele.

Clip ya mwisho inaonyesha mashamba ya mkonge, nyumba za mwanzo za kijiji, turubai kwa mbali.

Halafu basi. Hakuna kitu.

Tukarudia. Tukatafuta kwenye mafolda yote. Kamera ilirekodi safari nzima ikaja kukata pale pale panapotakiwa.

Mtu nyuma yangu akasema, "Kafuta huyu, alipokuwa njiani kwenda hospitali."

Wakuu, nimewahi kuitwa majina mengi, lakini kuitwa mwongo uani kwa baba mkwe, marehemu hajazikwa, mke wangu amesimama mlangoni anasikia! Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia, maana hata mimi ningekuwa wao ningesema hivyo hivyo.

Bi Zuhura alikuwa amesema mgongo wa dereva ulimkinga, hakuiona barabara. Askari akaandika maelezo ya pande zote mbili akasema hawezi kumlaumu yeyote kwa alichokikuta. Mzee Mbwana akainuka, akarudi kwa waombolezaji wake. Afadhali angenitukana.

Siku zikapita. Nikiwa nyumbani mchana naosha gari, redio imewaka, adhana ya adhuhuri ikaanza. Nikanyoosha mkono nikazima redio kama kawaida.

Kamera ikalia tii, taa yake ikazimika.

Nikasimama na ndoo mkononi. Adhana ilipokwisha nikawasha redio. Kamera ikawaka. Nikazima redio, ikazimika.

Nikarudia mpaka jirani akaniuliza kama nina wazimu.

Nikaichukua ile card nikapekua clip zote za nyuma. Kila siku ambayo adhana ilinikuta njiani, pana pengo. Kila nilipopita penye msiba, pengo. Kamera yangu ilikuwa mcha Mungu kuliko mimi.

Nikamvamia Bakari pale pale kijiweni kwake. Akafungua dashibodi, na mimi nikaona kwa macho yangu. Hakugusa boksi la fyuzi kabisa! Alichuna waya wa antena nyuma ya redio, ule unaopata moto redio ikiwa imewashwa tu, akaunga hapo na selotepu. Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa karibu.

Mnajua alinijibu nini?

"Sasa kaka, nani anaendesha gari bila redio?"

Nani? NANI? Wewe Bakari redio ya kijiwe chako huizimi kila adhana? Msiba ukipita mtaani huizimi? Mtu umezaliwa Tanga, umekulia Tanga, unaniuliza nani anazima redio!

Nilimwambia ataingia kwenye gari tutakwenda Kigombe. Aliona sura yangu, akaingia.

Hitma ya marehemu ilikuwa imeshapita, lakini sikutaka kupiga redio karibu na mji ule. Nikamwomba Mzee Mbwana tusogee hadi uwanja wa mpira. Jamaa wa boda naye akaja, na wengine waliokuwepo siku ile.

"Shikamoo baba. Nakuomba ukae mbele uangalie hii taa."

Nikawasha redio, taa ikawaka. Nikazima, ikafa. Nikamwambia mzee abonyeze mwenyewe. Akabonyeza. Bakari akaeleza alipounga waya, kichwa chini.

Mzee akaondoa kidole kwenye redio, akanigeukia.

"Mwanangu, nimeona. Hukufuta. Aliyesema umefuta amekukosea na nitamwambia."

Nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha.

"Lakini hii inanionyesha kwamba kamera haikuona. Hainionyeshi wewe ulikuwa upande gani."

Jamaa wa boda akadakia taratibu, "Mimi baba sikusema kafuta. Nasema alinifuata upande wangu."

Ukweli ninao mimi kichwani, na njia pekee ya kuuonyesha niliizima kwa kidole changu, kwa heshima ya marehemu wao.

Wakuu, fundi akikufungia kamera usiondoke. Kaa ndani ya gari, zima redio, zima AC, zima taa, kimoja kimoja, huku unaitazama kamera. Mwambie akuonyeshe waya umeingia wapi. Akinuna mwache anune.

Mimi nimefungiwa upya na fundi mwingine, kwenye fyuzi kama mchoro unavyosema. Sasa inarekodi muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa mbele ya nyumba.

Ndiyo maana juzi nilipokuwa napitia clip nikamwona Mzee Mbwana. Alikuwa amekuja mjini kliniki. Zamani angenipigia nikamfuate, hakuwahi kupanda kitu kingine. Anaonekana vizuri kabisa anapita mtaani kwangu, amekaa nyuma ya bodaboda. Dereva ni jamaa yule yule aliyenigonga Kigombe. Hawakusimama.

Sijamwonyesha mke wangu.

Waliofungiwa dashcam nendeni mkazime redio sasa hivi, halafu mrudi mniambie mmeona nini. Na mafundi mliomo humu karibuni mniponde, ila atakayeniuliza nani anaendesha gari bila redio tutagombana.